Tegeta, jina la akaunti

Kuna maeneo ya Dar es Salaam yaliyoingia kwenye historia kwa mpira au kwa muziki. Tegeta iliingia kwa akaunti ya benki. Uwe mkoani, umwambie mtu kwamba unakaa Tegeta, kama ni mtu mzima wa kukumbuka mwaka 2014 atatabasamu na kuuliza: "Ile ya Eskro?" Halafu atakuomba hela ya mboga. Utani huo umepita miaka kumi sasa na bado haujachuja.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba Tegeta yenyewe haikuwahi kuiona hiyo hela. Akaunti ilikuwa Benki Kuu, mjini kabisa. Huku kwetu kuna Barabara ya Bagamoyo, kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji, mafundi wa kuchomelea mageti, saluni, maduka ya fremu, wauza samaki wa jioni. Na ukikunja kuelekea Salasala, kuna mtambo wa umeme wa megawati 100 wa kampuni iliyoitwa Independent Power Tanzania Limited, IPTL kwa kifupi. Akaunti ilipewa jina la mahali mtambo ulipo. Ndiyo hivyo tu. Ungejengwa Mbagala, leo watu wa Mbagala ndio wangeombwa hela ya mboga.

Nimekuwa nikitafuta mtu aliyeandika habari hii kama habari ya watu wanaonunua umeme, sijampata. Zimeandikwa habari za mawaziri, za majaji, za wafanyabiashara, za wahisani. Yule mwenye saluni pale Tegeta Nyuki haonekani popote, na hela ilianzia kwake. Kwa hiyo nitajaribu kuisimulia kutoka upande wa LUKU.

Twende nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvua ziligoma, mabwawa yakapungua maji, na nchi iliyokuwa ikitegemea umeme wa maji ikaingia kwenye mgawo. Serikali ya Rais Mwinyi, ikiwa ukingoni mwa muda wake, ilitafuta umeme wa haraka. IPTL ikaundwa mwaka 1994: asilimia 70 ya Mechmar, kampuni ya Malaysia, na asilimia 30 ya VIP Engineering and Marketing, kampuni ya Mtanzania James Rugemalira. Tarehe 26 Mei 1995 TANESCO ikasaini mkataba wa kununua umeme wao kwa miaka 20. Wakati huohuo mradi wa gesi ya Songo Songo ulikuwa tayari mezani, Benki ya Dunia ikiuunga mkono na kuupinga huu wa Wamalaysia. Dharura ya mwaka mmoja au miwili ikapewa dawa ya miaka ishirini. Mvua zikarudi. Mkataba ukabaki.

Hapa ndipo panapohitaji uvumilivu, maana ndani ya mkataba huo kuna kipengele ambacho wabunge na waandishi walizoea kukiita kapasiti chaji, na watu wengi wakifika hapo hufunga gazeti. Hakuna haja. Mtu yeyote anayeijua daladala anakielewa. Dereva anampelekea tajiri hesabu. Abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe, barabara ifungwe kwa ajili ya msafara, hesabu ya tajiri iko palepale. Na mafuta anaweka dereva. Sasa mweke TANESCO kwenye usukani na IPTL awe tajiri, mkataba utakuwa umeuelewa. Mtambo ukiwaka, TANESCO analipia mafuta mazito. Mtambo ukizimwa kwa sababu mabwawa yamejaa na umeme wa maji ni rahisi zaidi, hesabu ya kila mwezi bado inadaiwa. Kwa dola.

Tofauti ni moja tu. Dereva wa daladala akizidiwa anarudisha gari kwa mwenyewe. TANESCO asingeweza.

Ugomvi ulianza kabla hata mtambo haujauza yuniti moja. TANESCO iligundua kwamba injini zilizofungwa Salasala hazikuwa za aina iliyoandikwa kwenye mkataba: ziliandikwa za mwendo wa taratibu, zikaletwa za mwendo wa kati, ambazo bei yake ni ndogo. Ni kama kukubaliana hesabu ya Coaster halafu ukaletewa Hiace. Shauri likapelekwa Washington, kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2001 gharama za mradi zikapunguzwa. Hazikufutwa. Januari 2002 mtambo ukaanza kuuza umeme, miaka saba baada ya dharura iliyouzaa, na TANESCO ikaanza kupeleka hesabu.

Ugomvi wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulihusu karatasi. Hesabu ya mwezi ilikuwa inapigwa kwa kudhani kwamba wanahisa wa IPTL walitia mtaji wao wenyewe wa zaidi ya dola milioni 30, na mtaji wa namna hiyo una faida yake ambayo mnunuzi wa umeme anailipia. TANESCO na wanasheria wake wakaja kusema: mtaji huo hatuuoni. Kama haukuwekwa, basi tumekuwa tukilipia faida ya fedha ambayo haikuwahi kutoka mfukoni mwa mtu.

Mwaka 2006 pande mbili zikakubaliana hela iwekwe pembeni mpaka ijulikane ni kiasi gani halali. Hiyo ndiyo eskro. Neno lenyewe ni geni, jambo lenyewe silo. Majirani wawili wakigombania hela ya kiwanja, hela inawekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi mpaka kikao kikae. Benki Kuu ndiye aliyekuwa mjumbe. Kuanzia hapo TANESCO ikawa inatia hela kwenye Akaunti ya Eskro ya Tegeta, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka.

Hela hiyo TANESCO ilikuwa inaitoa wapi? Shirika hili halina mgodi. Lina wateja. Lina mama anayegandisha barafu za kuuza shuleni, kinyozi, mwenye mashine ya kusaga, hoteli, kiwanda, na mpangaji wa chumba kimoja anayetuma meseji usiku saa nne kununua umeme wa elfu mbili. Lina pia ruzuku na mikopo kutoka serikalini, yaani kodi ya watu walewale kwa mlango mwingine. Sasa unganisha hayo na mgawo wa 2006 na ule wa 2011, wakati umeme ulikuwa ukikatika zaidi ya nusu ya siku. Saluni zilinunua jenereta ndogo zikawekwa mlangoni, zikaunguruma na kutoa moshi mpaka mteja ananyolewa akiwa anakohoa. Mtu huyo alikuwa analipa mara tatu: petroli ya jenereta, yuniti za LUKU umeme ukirudi, na hesabu ya mtambo wa Salasala.

Septemba 2013 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliofungua njia ya IPTL kukabidhiwa kwa kampuni ya Pan Africa Power Solutions, PAP, ya Harbinder Singh Sethi, ambayo ilikuwa imenunua hisa za VIP kwa dola milioni 75. PAP ilidai na hisa za Mechmar ni zake, jambo lililobishaniwa sana baadaye. Mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 2013 akaunti ikafunguliwa. Zikatoka takriban shilingi bilioni 306.

Desemba hiyohiyo, EWURA ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2014 bei ya umeme itapanda kwa wastani wa asilimia 39. TANESCO yenyewe ilikuwa imeomba karibu 68. Sisemi jambo moja lilizaa jingine; shirika lilikuwa limelemewa na madeni ya mitambo ya dharura na mafuta yake, na hilo halina ubishi. Nasema tu zilikuwa wiki zilezile. Hela iliyokusanywa kwa bei ya zamani inatoka mlango wa mbele, bei mpya inaingia mlango wa nyuma.

Tupige hesabu ya saluni. Mteja wa kawaida wa biashara ndogo alikuwa analipa shilingi 221 kwa yuniti na shilingi 3,841 za huduma kila mwezi. Kuanzia Januari 2014 ikawa shilingi 306 kwa yuniti na 5,520 za huduma. Saluni inayotumia yuniti 200 kwa mwezi ilitoka kwenye shilingi 48,041 hadi 66,720, kabla hujaweka VAT wala tozo za REA na EWURA. Nyongeza ni zaidi ya elfu 18. Kwa bei za vichwa za uswahilini wakati ule, hiyo ni siku nzima au zaidi ya kunyoa bure. Na maskini wa mwisho, yule wa matumizi madogo kabisa nyumbani, alipanda kutoka shilingi 60 hadi 100 kwa yuniti, ingawa kwa haki niseme kikomo chake nacho kiliongezwa kutoka yuniti 50 hadi 75.

Mwaka 2014 ulikwenda hivyo, watu wakilalamikia bei bila kujua chochote kuhusu akaunti. Aliyewafanya wajue ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, aliyeshikilia jambo hili bungeni mpaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, akamwita tumbili. Kafulila naye alimjibu kwa kumwita mwizi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akaagizwa kukagua, TAKUKURU ikachunguza, na Novemba 26, 2014 Zitto Kabwe, mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, akasimama kusoma ripoti.

Nakumbuka wiki ile kwa sababu sijawahi kuona tena grosari ya Tegeta inazima mpira ili iangalie Bunge. Watu walisimama mpaka nje, bodaboda wameegesha, mmoja anawatafsiria wengine maana ya eskro (tafsiri yake ilikuwa fupi: "hela ya wizi"). Sio tafsiri sahihi, lakini kwa wiki ile hakuna aliyempinga.

Kwa mtu anayependa lugha, mjadala ule ni hazina. Ripoti na wabunge walizungumzia hela taslimu zilizotolewa katika benki moja ya jijini na kubebwa kwenye mifuko ya sandarusi na viroba. Sandarusi! Neno la mpunga na mkaa likaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge pamoja na mabilioni, na tangu siku hiyo halijarudi shambani peke yake. Kisha ikaja orodha ya watu waliopokea hela kutoka kwa Rugemalira kupitia Benki ya Mkombozi. Walikuwemo mawaziri wa zamani na wa wakati ule, majaji, watumishi wa serikali, viongozi wa dini. Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, alipokea bilioni 1.6; alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa ajili ya shule ya wasichana aliyohusika kuianzisha. Andrew Chenge alipokea kiasi kama hicho. Chenge ndiye aliyekwisha kutuachia neno "vijisenti" mwaka 2008, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya Jersey. Na mbele ya Baraza la Maadili, mwanzoni mwa 2015, ikasikika kwamba milioni 10 katika zile za Tibaijuka zilitumika kwa mboga.

Ndipo mtaa ukapata neno lake la mwaka. Nadhani liliuma kuliko bilioni 306 kwa sababu bilioni 306 hakuna anayeijua sura yake, ila mboga kila mtu ameinunua jana. Mchicha fungu, nyanya, kitunguu. Milioni 10 kwa bei mpya ya umeme ni yuniti zaidi ya 32,600. Ile saluni yetu ingewasha taa na mashine kwa miaka 13 na zaidi. Kuna mtu aliwahi kuniambia huo ni uchonganishi, kwamba mtu ana haki ya kula mboga anayoitaka. Ni kweli, ana haki. Lakini maneno hayo yalisemwa kwa utulivu, bila kujua kwamba yanachekesha, na utulivu huo ulituonyesha umbali uliopo kati ya anayenunua umeme wa elfu mbili na anayeandika sheria za nchi.

Swali la msingi lilikuwa: hela ile ni ya nani? Ripoti ya Bunge ilisema sehemu yake ni ya umma. Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam Desemba 22, 2014, alisema fedha ile ni ya IPTL, na serikali ilichodai humo ni kodi. Siku hiyohiyo alitangaza kumwondoa Tibaijuka uwaziri. Werema alikuwa amejiuzulu siku chache kabla. Profesa Sospeter Muhongo wa Nishati akafuata Januari 2015.

Hoja ya Rais si ya kipuuzi na nisingependa kuipita kwa dharau. Nikinunua nyanya gengeni, hela si yangu tena, ni ya mwenye genge. TANESCO ilinunua umeme, muuzaji ana haki ya kulipwa. Tatizo ni kwamba hela hii iliwekwa kwa mjumbe kwa sababu bei ya nyanya yenyewe ilikuwa inabishaniwa. Hela ikitoka kabla ya kikao kukaa, maana ya kumpa mjumbe ilikuwa nini? Na kikao kilikaribia mno. Akaunti ilifunguliwa Novemba na Desemba 2013. Februari 2014, miezi miwili tu baadaye, wasuluhishi wa Washington walitoa uamuzi kwamba hesabu ilikuwa imepigwa vibaya na malipo yakokotolewe upya. Walioshika funguo hawakusubiri miezi miwili baada ya kusubiri miaka saba. Nimesoma maelezo mengi ya haraka ile na hakuna hata moja lililonitosha.

Gharama ikaja kwa njia nyingine pia. Wahisani waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja walizuia karibu dola milioni 490 za mwaka wa fedha 2014/15 wakisubiri hatua zichukuliwe. Hela ya namna hiyo haina jina la mradi, inaingia Mfuko Mkuu na kutoka kama dawa, kama mishahara, kama ruzuku ya shule. Ndiyo maana kukosekana kwake hakuonekani kama shimo moja. Kunaonekana kama muuguzi anayekwambia ukanunue glavu duka la nje. Katikati ya hayo, Desemba 14, ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa mitaa yetu walijikuta wanajibu maswali ya Benki Kuu kwenye mikutano ya kuomba kuchaguliwa kusimamia mitaro na taka.

Kilichofuata nitakisema upesi. Muhongo alirudishwa Wizara ya Nishati na serikali ya Rais Magufuli Desemba 2015. Januari 2016 TBC iliacha kurusha Bunge moja kwa moja, hivyo grosari zikarudi kwenye mpira. Aprili 2016 zile 5,520 za huduma zikafutwa. Septemba mwaka huohuo wasuluhishi wa Washington waliamua TANESCO iilipe Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148.4. Benki hiyo ilikuwa imenunua mwaka 2005 deni lililojenga mtambo wa Salasala, na halikuwa limelipwa. PAP ilikuwa imetoa hati ya kuikinga serikali dhidi ya madai ya aina hiyo wakati inachukua bilioni 306. Juni 2017 Sethi na Rugemalira walifikishwa Kisutu kwa mashtaka ya uhujumu uchumi na utakatishaji fedha. Wote wawili walikaa rumande miaka minne. Juni 2021 Sethi aliachiwa baada ya kukubaliana na upande wa mashtaka kulipa bilioni 26.9, Septemba mwaka huo mashtaka dhidi ya Rugemalira yakaondolewa. Leseni ya mtambo iliishia 2017. Kafulila alihamia CCM na leo anaongoza kituo cha serikali kinachosimamia miradi ya ubia kati ya umma na sekta binafsi, yaani mikataba ya ukoo uleule wa ule wa 1995. Katika waliobaki, hakuna anayejua kwa macho kapasiti chaji inafananaje kumzidi.

Vijana wanaoanza kununua LUKU sasa hawakuuona mjadala ule. Kumbukumbu za Bunge za siku za mwisho za Novemba 2014 zipo, na kwa mtu anayesoma tamthiliya hazina wa kushindana nazo: kuna vijembe, kuna methali za Kihaya, kuna taarifa kwa Mwenyekiti kila dakika tatu, na kuna kurasa nzima ambazo watu wazima wanabishana kuhusu ukubwa wa mfuko. Jina la Tegeta limo mara zisizohesabika. Ukitafuta neno "mteja", andaa subira.